Kosa la Saa Sita

Programu imekataa tena.
Herufi nyekundu, hazina haya:
RATIBA HAIKUCHAPISHWA. MAKOSA ARUBAINI NA MAWILI.
Nikavua viatu, nikavuta kiti,
nikaanza na la kwanza, kama mtu achambuaye mchele.

Jeti ya Shela ilikuwa imehama.
Alama ya kutoa, kijistari kama ukucha wa mtoto,
ilidondoka mbele ya namba, na kituo kikaruka ikweta
kikatua bara ya mbali, penye mchanga mkavu
usiojua kupwa wala kujaa.
Nikairudishia kijistari chake. Shela ikarudi majini.

Matondoni zilikuwa mbili, nambari moja.
Ya pili haikuwa na jina, nafasi tupu tu.
Nikaifuta,
nikaomba radhi, sijui kwa nani.

Kalenda ilikwisha Disemba iliyopita.
Kwa mujibu wa programu hakuna chombo kilichong'oa nanga mwaka huu,
na chini ya dirisha langu injini zinakohoa,
watu wanapokezana magunia ya unga
na mbuzi mmoja anayepinga safari.

Kosa la tisa: boti ya usiku yafika kabla haijaondoka.
Imetoka saa tano na dakika hamsini, imefika sita na robo,
siku imegeuka katikati ya mkondo.
Dawa yake ni kuandika ishirini na nne na robo,
saa isiyogongwa na ukuta wowote wa mji huu.
Nikaiandika. Ikakubali.

Lakini la Mokowe halikuwamo katika orodha.
Lilikaa kimya, namba safi, nukta mbili mahali pake:
01:00.
Skanda aliuliza, nahodha Lali akajibu, "Saa moya,"
na Skanda, kijana mtiifu, akabonyeza moja.

Ndiyo maana muuguzi Dhahabo, barua ya uhamisho mkobani,
alishuka basi la Garissa akaiamini simu yake,
akakaa gatini na sanduku na feni ya mezani
akingojea boti ya saa saba ya usiku.
Komora, mlinzi, alimpa kiti chake,
akasimama mwenyewe mpaka alfajiri.
"Ratiba imesema," yule mama alishikilia.
"Nimeiona," Komora akajibu. "Ila boti haina simu."

Nikajumlisha sita kila mstari. Nikachapisha kwa furaha.
Kabla ya adhuhuri simu zikalia:
boti ya Kizingitini ya asubuhi imekuwa ya saa saba mchana!
Kumbe Skanda aligutuka njiani,
nusu alizisahihisha, nusu akaziacha,
wala hakuweka alama alipokomea.
Hapo hakuna dawa ila miguu.

Nikachukua daftari, nikavuka hadi Mokowe.
"Nahodha Lali, unaondoka saa ngapi?"
"Saa moya."
"Ya asubuhi?"
"Ya usiku nimpakie nani, popo?"
"Saa moja kamili?"
Akanitazama kama aliyeulizwa uzito wa upepo.
"Ikijaa."
Sikuuliza nini: boti, au bahari.

Programu haina chumba cha neno hilo.
Kila nikiliandika, yataka tarakimu.
Mwisho nimeweka 07:00,
na pembeni, kwenye maelezo yasiyosomwa na mtu,
ikijaa.
Makosa: sufuri. Onyo: moja.
Onyo nimeliacha.

Nilipokuwa narudi Komora alinifuata hadi ngazini.
"Ile ya saa saba ya usiku, imefutwa?"
"Imefutwa."
"Haya," akasema, akiitazama tochi yake.
"Nami nilishaazima kiti cha pili."